Sufuria ya Dancille na Jani la Keshero

Jumatatu, 5 Julai 1954

Ijulikane kwa mataifa yote, tangu Himbi mpaka Rutshuru: leo mimi, mwalimu Anastase, mutu wa kipara na tumbo, nimegundua jani! Keshero, kwenye kighuba kile cha ziwa chenye mawe ya volkano ambapo mama wanaosha vyombo. Bwana Desmedt, Mzungu wa majani, alinikuta nimelishika. Akalitazama kwa kioo chake. Akalinusa — linanuka kitunguu saumu. Akalivunja, likakwaruza kama mchanga. Kumbe si jani hata kidogo: ni mwani, una chokaa mwilini, vijitawi vimezunguka shina kama njiti za mwavuli. Jina lake Chara. Akaniuliza nilikuwa natafuta nini majini. Nikajibu: sayansi. Akanipa mkono mbele ya watu!

Bahati mbaya Dancille yuko Masisi, dada yake amejifungua. Sifa zote hizi, na mke hayupo.

Jumatano, 7 Julai

Sasa naitwa Docteur. Muzee Hitimana, jirani yangu, ameuliza kama Docteur anatibu na mgongo.

Tumezunguka pwani yote na Desmedt kutafuta ndugu za Chara. Huku tope, huku magugu marefu. Hakuna. Tukarudi kighuba cha mama: maji safi, na Chara imetandikwa chini kama mkeka. Desmedt akavua kofia. Anasema mahali kama hapa lazima palindwe. Nikasema oui, oui. Kichwa changu kikisikia Kifaransa kinaitika chenyewe.

Ijumaa, 9 Julai

Kulindwa — leo nimeelewa maana yake. Nguzo na waya wa miiba! Mama hawataosha pale tena. Waende Kituku, katikati ya mitumbwi na matumbo ya samaki. Kwa Nyiransengimana ni msiba: mjane, mguu mmoja mubaya, anaishi kwa kuosha vyombo vya karamu za watu. Kituku hatafika na mzigo kichwani.

Amenipita njiani bila salamu. Halafu akarudi, maana adabu ni adabu. "Mwalimu, Mungu akulipe kwa lile jani."

Sijapata kusikia baraka yenye meno namna ile.

Jumamosi, 10 Julai

Dancille amerudi. Ameangalia sufuria yake. Ameniangalia mimi. Ameirudisha mahali pake taratibu — mubaya sana.

Jumatatu, 12 Julai

Asubuhi kapita, msimamizi wa vibarua, ameleta nguzo. Dancille naye, akimimina chai, akaniita kwa jina la mtoto wetu: "Papa Florent, kule majini ulikuwa unatafuta nini?"

Sayansi, nikasema.

Akainua sufuria. "Sayansi yako imeacha maharagi hapa, kwenye sikio."

Basi niandike ukweli, karatasi haicheki. Sikugundua kitu. Nilibandika maharagi, nikaenda kupiga domo kwa Hitimana, yakaungua. Sufuria ya ndoa yake! Na mwanaume akionekana anasugua sufuria, hata kuku watamtungia wimbo. Nikajificha Keshero mapema, nikang'oa yale majani ambayo mama wanasugulia siku zote. Nilikuwa nimepiga magoti, nasugua, ndipo Desmedt akatokea. Sufuria nikaisukuma majini kwa mguu (usiku niliirudia). Jani likabaki mkononi.

Hayo yote nimemwambia Desmedt leo mchana, pale pale, mbele ya Hitimana na nusu ya kwaya ya kanisa. Nikamwambia pia kwamba mama wanang'oa Chara kila siku tangu enzi za bibi zao, na magugu mengine wanayatupa kando; labda ndiyo maana imebaki hapa tu. Hakukasirika. Alienda kutazama magugu yaliyotupwa kando. Halafu akaomba nimwonyeshe wanavyofanya.

"Ndiyo, Docteur," Hitimana akasema, "na sisi tuone."

Dancille alikuwa amekuja na sufuria. Nyiransengimana akanipa nafasi kwenye jiwe lake. Nikakunja suruali, nikapiga magoti, nikasugua. Walicheka mpaka kapita akaweka nguzo chini.

Desmedt hajasema ndiyo, hajasema hapana. Nguzo bado ziko pale. Mikono yangu inanuka kitunguu saumu. Na Nyiransengimana anasema sijui kusugua: kesho, kama waya haujafungwa, nije mapema anifundishe.