Poggenschlot Saba, au Sita

Jumatatu, 24 Aprili 2006

Tumebaki saba. Nimehesabu mwenyewe, kwenye kompyuta ya Leszek, mchumba wangu, ile diski yenye kitabu cha simu cha nchi nzima. Ukiandika Meier — jina langu la usichana — mashine inahema mpaka unaionea huruma. Ukiandika Poggenschlot: majina saba, basi. Mimi. Mama mkwe, ile simu ya chumbani kwake. Shemeji Ewald kule Münster. Daktari wa meno, Kassel. Wazee wawili wa Oldenburg, nadhani ni ndugu. Na mwanamke mmoja wa Bremen. Huyo nimempigia. Akaniambia yeye si Poggenschlot tena, ametalikiwa, namshukuru Mungu, kwaheri.

Kwa hiyo sita!

Asubuhi nilipita kwa karani wa ndoa. Tarehe ni yetu: Ijumaa, 19 Mei, saa tano. Watu wazima wawili, mimi hamsini na nne, Leszek hamsini na moja, hatuhitaji shangwe. Karani akauliza, jina la ndoa litakuwa lipi? Nikasema langu. Akapekua sheria yake. Zamani isingewezekana, mjane kumpa mume mpya jina la marehemu. Tangu mwaka jana inawezekana. Akanitazama kama vile nimeomba kuolewa na farasi. Nikamwambia andika kwa penseli, bwana, tutathibitisha siku yenyewe.

Nimelibeba jina hili miaka thelathini na moja. Nimelitia sahihi kwenye mikopo, kwenye vyeti vya nguruwe, kwenye cheti cha kifo cha Alfons, mume wangu. Meier nilikuwa miaka ishirini na tatu tu, na sehemu kubwa nilikuwa naota meno.

Leszek mwenyewe, Leszek Nowak, hana neno. “Nowak kwetu ni wengi kama majani,” alisema. “Mmoja akipotea nani atalia?”

Jumatano, 26 Aprili

Nimemwambia mama mkwe. Alikuwa anamenya viazi. Akaendelea kumenya. Miaka themanini na sita, na bado ganda lake linatoka zima, refu, halikatiki. Aliuliza kama Leszek ametengeneza pampu ya zizini. Ametengeneza.

Sijui nani kampelekea Ewald habari. Mwoka mikate, bila shaka — yule mama ana mdomo kuliko kengele ya kanisa. Leo dukani kaniuliza mbele za watu, “Eti fundi wako naye atakuwa Poggenschlot? Basi kesho paka wangu ataitwa askofu!” Wakacheka. Nikasema paka wake angekuwa askofu mzuri, angalau yeye anajua kunyamaza. Nikachukua mkate wangu mweusi nikaondoka.

Jioni simu. Ewald. Hakusalimia. Anakuja Jumapili.

Jumapili, 30 Aprili

Amekuja na ukoo wake. Yaani ile karatasi. Miaka ishirini na mitano anauchora, kuanzia siku alipopewa ofisi yake mwenyewe kule benki, na muda wa kukaa. Ameukunjua kwenye meza ya chakula, ukapita meza, ukaning'inia mpaka kwenye kiti cha Leszek. Juu kabisa nembo ya rangi: ngome, na chura mwenye taji. Ewald anasema sisi ni kizazi cha askari wa farasi aliyekuwa na ngome mahali fulani. Mahali gani? Haijulikani bado.

Ngome! Mtu yeyote aliyezaliwa huku, akiongea lugha ya bibi yake, anajua: pogge ni chura, schlot ni mtaro. Mtaro wa vyura. Upo nyuma ya zizi la nguruwe, na usiku wa leo wanaimba humo mpaka madirisha yanatetemeka. Anayekaa kwenye mtaro wa vyura aliitwa hivyo, hakuna askari wala farasi. Nilimwambia Ewald. Akasema mimi nimesoma shule ya kilimo.

Kisha akaanza. Jina si koti, la kumwazima mtu akisikia baridi. Jina ni damu, na damu nzito kuliko maji. Mimi niliolewa, sawa, nililipata kwa hisani ya ndugu yake. Nikiolewa tena nilirudishe. Yeye ana mabinti wawili na wote wamechukua majina ya waume zao, kwa hiyo jina litakufa naye, na lifie mikononi mwa mwenyewe, kwa heshima.

“Kwa heshima?” nikasema. “Kufa ni kufa, shemeji.”

Akamgeukia Leszek. Kwa upole, tena huo ndio mbaya.

“Hebu niambie, Nowak maana yake nini?”

“Mgeni,” Leszek akasema. “Mtu aliyekuja juzi.”

“Basi. Umejisemea mwenyewe.”

Leszek akaitazama karatasi pale ilipomgusa goti. Akaisogeza taratibu isichafuke mafuta. Mama mkwe alikula vipande viwili vya keki.

Jumatatu, 1 Mei

Leszek hataki tena. Hasemi hataki — anasema “labda”. Tulikuwa tunafunga geti. “Irmhild, mimi nyumbani kwa watu siingii kwa dirisha. Nina miaka kumi na tano hapa, sijawahi kugombana na mtu. Niache niwe Nowak, wewe baki ulivyo, tutalala kitanda kimoja hivyo hivyo.”

Nikamwambia kitanda si hoja. Nikamwambia mambo mengine pia. Nilipaza sauti. Majirani wote walikuwa barabarani na baiskeli zao na bia zao za sikukuu, nadhani wamesikia.

Nimekasirika. Si kwa sababu ya Leszek. Ni kwa sababu mtu mmoja amekuja na karatasi, na mwanamume mzima kajisikia mdogo mezani kwangu. Mezani kwangu!

Alhamisi, 4 Mei

Mvua tangu alfajiri. Viazi haviendi popote. Nimechukua gari mpaka kwenye hifadhi ya vitabu vya kanisa, mjini, nikaomba vya parokia yetu. Mwanadada wa pale akanifundisha kuzungusha filamu yenye picha za kurasa kwenye mashine. Mwandiko wa mapadre wa zamani — lo! Kama kuku kapita kwenye wino. Lakini mimi nimesoma maandishi ya daktari wa mifugo miaka thelathini.

Nilikuwa na nakala ya mstari mmoja tu wa Ewald, ule anaoupenda: mwaka 1764, Johann Bernd Poggenschlot, mwana wa Jürgen Poggenschlot. Hapo ndipo kina Ewald wote wanapotokea. Ubatizo wake nimeuona, ni kweli. Nikarudi nyuma kutafuta ndoa ya baba yake, Jürgen.

Juni 1763. Nimeinakili neno kwa neno, mkono ukiniuma. Anna Gertrud, mjane wa marehemu Hermann Poggenschlot, ameolewa na Jürgen, fundi wa magurudumu, mtu wa kutoka mbali, jina la kwao halijulikani, ambaye sasa ataitwa Poggenschlot.

Nimeisoma mara tano. Nikageuza nyuma tena. Hermann alizikwa Februari mwaka huo. Mtoto wake wa pekee, wiki iliyofuata. Hakubaki hata mmoja wa damu yake. Alibaki mjane na shamba.

Na mimi ningelijua hili bila filamu! Bibi yangu alikuwa akilisema kama jambo la kawaida: huku kwetu anayeingiza miguu chini ya meza ya shamba anachukua jina la shamba. Awe mwanamume, awe nani. Jina lilikuwa la udongo, watu walilivaa tu. Mabwana wa serikali ndio walikuja baadaye wakasema jina linapita kwa baba.

Mjane. Fundi. Mtu wa mbali. Nilicheka peke yangu pale mpaka mwanadada akaja kuuliza kama niko sawa. Halafu nikalia kidogo. Sijui kwa nini. Kwa ajili ya Anna Gertrud, nadhani — miezi minne, kazika mume, kazika mtoto, na ng'ombe wanataka kukamuliwa.

Jumapili, 7 Mei

Münster. Ewald kanifungulia akiwa na sweta la Jumapili. Mkewe Gisela akaleta kahawa. Nikaweka nakala mezani.

Akasoma. Akasema anaijua, aliiona miaka ya themanini. Kosa la padre. Jürgen alikuwa Poggenschlot wa tawi jingine, binamu, ndiyo maana kwenye ubatizo wa watoto ameandikwa Poggenschlot. Ni wazi!

“Ameandikwa hivyo kwa sababu alikuwa anakaa shambani, shemeji. Wewe mtoto wa huku, hulijui hilo?”

Gisela akasema, polepole, kwao pia babu yake alikuwa na jina la shamba na jina jingine la zamani ambalo hakulitumia hata siku moja. Ewald akamwambia hakuulizwa. Gisela akachukua birika akaenda zake jikoni, na mlango hakuufunga kwa upole.

Basi akasoma tena. Safari hii akavua miwani. Nilimwona — uso ulimshuka kabisa, akawa mzee mbele yangu. Akasema, “Miaka ishirini na mitano.” Akasema mabinti zake waliliacha jina kama viatu mlangoni, hata kumuuliza hawakumuuliza. Nilimwonea huruma, kweli. Nilitaka kumshika mkono.

Ndipo akasema hata kama. Hata kama Jürgen, hata kama nani. Leo ni leo. Atakuja tarehe kumi na tisa, na atasimama pale mbele ya karani aseme kuwa familia inapinga.

“Familia gani?” nikasema. “Tuko sita!”

“Watano,” akasema. “Wewe sikuhesabu.”

Ala! Nikavaa koti. Nikamwambia njoo, shemeji. Vaa suti. Njoo na chura wako mwenye taji.

Jumatano, 17 Mei

Leszek ameisoma nakala. Akaikunja vizuri akairudisha. “Jürgen alikuwa na bahati,” alisema. “Wote wa kumbishia walikuwa wamekufa.” Hajaamua. Simsukumi. Uongo, nimemsukuma asubuhi na jioni. Leo nimejizuia.

Jioni nilimwosha mama mkwe nywele. Akiwa ameinamisha kichwa kwenye beseni, hawezi kuniona, ndipo akasema.

“Unajua mimi nilizaliwa nani?”

“Klementine Brüning.”

“Nilikuja hapa na sanduku moja. Mama mkwe wangu naye alikuja na sanduku. Na wewe, mwanangu, na lile la kijani baya. Wanaume wa nyumba hii walizaliwa humu wakafa humu, hakuna kazi hapo. Jina tumelibeba sisi tulioingia mlangoni.”

Maji yalikuwa yanapoa.

“Ewald mwanangu nampenda,” akasema. “Mjinga, lakini wangu. Ijumaa nitakuja. Nitafutie viatu vyeusi.”

“Vile vya msibani, Mama?”

“Vya kuendea ofisini! Msibani nimeshakwenda vya kutosha.”

Alhamisi, 18 Mei

Majirani wamekuja tangu saa tisa. Wamefunga taji la majani ya msonobari kuzunguka mlango mzima, na maua ya karatasi, jambo ambalo mjane kwa kawaida halipati. Kisha wakavunja vyombo kizingitini, kama ilivyo desturi huku usiku wa kuamkia harusi. Sahani, vikombe, sinki zima la choo — hilo la mzee Terhorst, amelitunza miaka minne akisubiri harusi ya mtu yeyote. Mimi na Leszek tukafagia, wakamwaga tena, tukafagia.

Wameweka dau. Kreti la bia: Nowak au Poggenschlot. Terhorst kamuuliza Leszek waziwazi, “Niambie bwana, nisipoteze bia yangu.” Leszek akacheka, akaendelea kufagia. Mwoka mikate naye alikuja. Na keki. Nikamshukuru, nikamwuliza hali ya askofu.

Wakiondoka nikamwuliza Leszek kesho atasemaje.

“Kesho nitasema kesho.”

Nikamwambia akisema Nowak, nitaolewa naye hivyo hivyo. Nilimaanisha. Lakini nikamwambia pia kwamba nitamkasirikia mpaka Krismasi.

Ijumaa, 19 Mei

Ukumbini, ofisi ya karani. Saa tano kasoro dakika nane. Naandika kwenye goti, nisije nikasema kitu.

Ewald amekuja. Suti nyeusi. Ameleta karatasi yake imeviringwa kwenye bomba, ameliegemeza ukutani kama bunduki. Gisela hakuja naye. Alipomwona mama yake kwenye benchi akababaika. “Mama! Wewe hapa?” Mama mkwe akasema, “Nimekuja kutia sahihi, mimi ni shahidi. Wewe umekuja kufanya nini?” Ewald akakaa upande wa pili.

Leszek kanyoa mpaka kajikata. Mikono ameisugua kwa brashi lakini mafuta ya trekta hayatoki, yako kwenye kucha. Amekaa katikati, kati yangu na bomba la Ewald. Anatazama sakafu. Nimemwambia Terhorst yuko nje anasubiri kujua kuhusu bia. Hakucheka.

Dakika tatu. Ewald anakohoa. Anafanya mazoezi ya maneno yake, midomo inacheza. Nami nina yangu. Akifungua kinywa nitasoma Jürgen kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho, hata karani aite polisi.

Mlango. Karani mwingine, binti, mgeni kabisa, hatujui. Ana jalada, na juu ya jalada limeandikwa jina langu tu. Anaita:

“Poggenschlot?”

Nimesimama, naandika nimesimama. Mama mkwe amesimama kwa fimbo yake. Ewald amesimama, amefunga kifungo cha koti.

Na Leszek. Leszek amesimama. Ewald anamtazama, anamtazama kuanzia viatu. Binti anatuhesabu, anauliza tena, Poggenschlot ni nani kati yenu? Hakuna anayekaa, hata Leszek.