Darasa Lako la Mimea Lipo Bado, Baba

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa uani petu hapa Maskati, maana nina habari ambayo sikuweza kumaliza kukusimulia kaburini kwako: darasa lako la mimea lipo bado.

Ulipofariki, akina mama walisema basi. "Mwalimu hayupo, mnakwenda kusoma nini?" aliuliza Bi Zuwena, mama yake Salma. Nilimjibu kwamba majani yapo na macho tunayo. Alicheka, akamruhusu Salma. Wengine wakamfuata, wote watoto weusi kama sisi, tuliotoka Unguja, tunaoitwa watumwa vichochoroni. Wewe ulikuwa ukituambia, "Humu ndani nyinyi ni wanafunzi," kisha unatugawia majani tuyachore.

Miezi ya masika ya Unguja ilipofika, tulipanda mchicha bila ya kufikiri, kama tulivyozoea kwetu. Hatukuteka maji kisimani, tuliingojea mvua. Mvua gani, Baba, hapa Maskati? Jua liliukausha wote. "Bi Mkulima, masika yako yamekwama Mombasa?" wenzangu walinitania. Wawili wakaacha kuja. Nililia, nikatamani uwepo japo kwa saa moja.

Salma akanikuta. "Wacha kulia, weye! Twende tukawaulize wanaolima hapa." Tukenda kwa jirani mwenye bustani, akatwambia tungoje joto lipungue, na tumwagilie wenyewe. Tulipokuwa tukingoja, tulichora mkunazi wake, majani na miiba. Halafu tukapanda tena, tukateka maji kwa zamu. Ukaota, Baba! Wale wawili wakarudi, wakajifanya hawakuondoka kamwe.

Sasa imefunguliwa shule ya wasichana, nasi tunasoma huko. Juzi Salma alikuja na wasichana wawili weusi wa darasa letu, ambao shuleni hukaa nyuma kabisa, kimya. Mmoja akauliza, "Mwalimu wenu yuko wapi?"

Salma akaninyooshea kidole mimi.

Nilitaka kusema hapana, mwalimu ni Baba. Badala yake nikajisogeza mkekani, nikawaambia, "Karibuni, kaeni hapa mbele."

Nakuahidi, Baba, hatokuja mtoto akakuta mlango wetu umefungwa. Na siku nikipata njia ya kwenda kusomea mimea mbali, nitakwenda, na nitarudi kuwafundisha.

Pumzika sasa. Mwenyezi Mungu akurehemu. Watoto wa darasa wanabisha hodi, wacha nikawafungulie.

Mwanao,
Rahma