Cheti Kilichoondoka Bila Nakala

Jumatatu, 3 Machi
Daftari zote nimesahihisha. Mvua. Somo la wiki, darasa la watu wazima: meli za tanga zilizobeba barua kati ya Uingereza na Amerika. Siku yake ikifika meli iliondoka, imejaa au haijajaa. Barua muhimu watu waliiandika mara mbili, tatu, kila nakala na meli yake. Nimelieleza vizuri sana hilo.

Kisha nikampelekea jirani, Papa Asukulu, cheti changu cha ndoa. Anahamia Amerika, mji ule ule aliko mume wangu, amfikishie. Hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, anayeondoka ndiye posta yetu. Bila cheti hicho mimi na binti yangu Neema hatuitwi kumfuata. Nakala sikutoa, hata picha ya simu sikupiga. Sisi wa Uvira, Kongo, karatasi isiyo na kashe, ule muhuri wa bluu, hatuihesabu. Mjinga mimi.

Jumatano, 5 Machi
Papa Asukulu yuko Lilongwe, anaruka kesho.

Leo nimefundisha kuhusu mfuko wa barua. Ulitiwa vyuma vizito. Adui akikaribia, nahodha anautupa baharini, barua zisisomwe. Mama Riziki, mwanafunzi wangu, akauliza kama wenye barua waliambiwa. Nikafuta ubao.

Ijumaa, 7 Machi
Simu yake haipatikani. Mume wangu naye hajamwona. Naogopa. Nimefua shuka ambazo zilikuwa safi.

Jumamosi, 8 Machi
Papa Asukulu amepiga. Amefika salama. Akasema kwa Kiswahili chetu cha Uvira:

"Mama Neema, niliogopa. Kwa uwanja wa ndege balianza kufungula bagaji ya bantu. Nikasema, bakikuta karatasi za bengine, batanirudisha kambini. Nilizipasula zote, nikatupa mu choo. Unisamehe."

Nilitaka kumtukana. Lakini miaka kumi na miwili amengoja ndege hiyo. Ningekuwa mimi ningepasua pia. Hilo linanitisha kuliko yote.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua imekatika. Nimemwandikia mchungaji aliyetufungisha ndoa Uvira. Huenda kitabu chake cha ndoa bado kipo. Barua moja, mara tatu. Ya kwanza kwa dereva wa lori anayepakia mahindi Mponela kwenda Kongo. Ya pili kwa mama muuza vitenge wa soko la Biwi, naye anakwenda huko. Ya tatu bado inasubiri msafiri. Mkono unauma.

Neema ameuliza tunaondoka lini. Nimemwambia ale kwanza.

Darasani nimemjibu Mama Riziki: wengine waliambiwa. Akaandika daftarini, tukaendelea na somo.