Mama Yako Niliyemfanya Wangu

Mpendwa dadangu Rukia,

Najua hujanifungia simu, maana kila nikikutumia salamu naona alama zile mbili za buluu. Unasoma, kisha unanyamaza. Mwaka umepita na miezi yake juu. Ndiyo maana leo nakuandikia wazi mtandaoni, mahali ambapo kina dada wetu wote wa Doha wanaweza kusoma. Nilikukosea mbele ya watu watatu waliokaa nyuma ya meza, na sioni haki kukuomba radhi pembeni kwa kunong'ona.

Wasiotujua wajue tu kwamba tulikuwa wasafishaji wa vyumba katika hoteli moja, tukalala chumba kimoja mtaa wa Al Mansoura, wewe kitanda cha chini, mimi cha juu. Wewe ulikuwa na miaka sita kazini, mimi sikuwa na hata miezi sita. Nilifika kutoka Kakamega nisijue kukunja kona ya shuka, nawe ukanifundisha bila kunicheka, isipokuwa siku ile nilipojifungia ndani ya kabati la taulo. Siku hiyo ulicheka mpaka ukakaa chini. Ijumaa tulizokuwa huru tulipanda basi hadi Al Wakrah, wewe na buibui lako, mimi na gauni langu la kanisani, tukatembea kando ya bahari na vikombe vyetu vya karak, ile chai nzito ya maziwa. Ulikuwa ukiniita mdogo wangu mbele ya kila mtu, na watu wakaamini tumetoka tumbo moja.

Kisha ikatangazwa nafasi moja ya usupavaiza wa ghorofa, nasi sote wawili tukaiomba. Unakumbuka ile karatasi tuliyopewa? Kila anayeomba aeleze kwa Kiingereza tofauti ya maneno matano, "aim", "goal", "objective", "intention" na "purpose", tena kwa mfano wa maisha yake mwenyewe, kwa sababu supavaiza ndiye huandika malengo ya siku ubaoni kila asubuhi. Mimi nilidhani yote ni mamoja, kama mtu mwenye jina la kanisani, la shuleni na la kwa bibi. Nikakuletea karatasi ukiwa roshani unaanika nguo, saa chache kabla ya swala ya Ijumaa.

Ukanieleza habari za mama yako wa Kisauni, anayeshona kofia kwa mkono. Kabla hajagusa uzi, ulisema, huketi kimya kidogo na kumtaja moyoni yule anayemshonea. Hiyo ndiyo "intention", nia, na hakuna anayeiona. Kisha huchora maua kwa penseli juu ya kitambaa ili mkono ujue unaelekea wapi. Hiyo ni "aim", na mkono unaweza kukosea. Safu za vitundu anazotaka kuzimaliza kabla ya adhuhuri ni "objective", maana unaweza kuzitazama ukasema hii tayari na hii bado. Kofia ikikamilika, ikafuliwa na kupigwa pasi, "goal" imefikiwa. Nikakuuliza, sasa "purpose" ni nini, na kofia imeshakwisha?

Ukabana kibanio kwenye shuka. "Ni kichwa, mdogo wangu. Kofia isiyo na kichwa ni kitambaa tu, hata iwe na maua namna gani."

Mimi, mbishi wa kuzaliwa, nikasema bado sioni tofauti ya nia na lengo. Ukanikumbusha Ramadhani, vile ulivyokuwa ukitia nia na kufunga, nami nikashinda njaa kwa sababu tu kantini ilikuwa imefungwa. Sote tulishinda na njaa, ulisema, lakini aliyefunga ni mmoja. Halafu ukaongeza, "Lengo hata mwizi analo. Nia ndiyo humtenga." Tukacheka, tukamaliza kuanika, na jioni ukanisaidia kutunga mfano wangu mwenyewe wa kupanda mahindi. Ulikuwa mfano wa kawaida, lakini ulikuwa wangu.

Siku ya mahojiano niliitwa wa kwanza, kwa sababu tu jina langu lilikuwa juu kwenye orodha. Wewe ukabaki kwenye kiti cha nje. Niliposikia swali, mahindi yote yakanitoka kichwani. Meneja, mama wa Kifilipino asiyechekacheka ovyo, akatazama saa yake. Nikafungua mdomo nikasema kwamba mama yangu hushona kofia kwa mkono. Akaweka kalamu chini. Na mimi, dada, nilipoona kalamu imelala sikukoma. Nilieleza nia, maua ya penseli, vitundu, mpaka kichwa. Hata ule mkono wako wa kubana kibanio niliuiga. Mama yangu wa Kakamega hajawahi kushika sindano ila ya kututoa miiba miguuni, na angenisikia siku hiyo angeuliza ni mama gani huyo anayetajwa.

Ukaingia baada yangu. Hukumaliza hata dakika kumi. Ulipotoka ulinitazama, ukaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama nilikuwa nimewaambia habari za mama yako. Nikajibu kwamba nilitaja kidogo tu, tena sikukusudia. Ukasema, "Haya."

Baadaye sana, nikiwa tayari nimevaa koti la usupavaiza, meneja alinisimulia yaliyotokea mle ndani. Ulipoanza kuongea walitazamana, mmoja wao akatabasamu, na meneja mwenyewe akakushukuru na kukwambia kwamba hadithi hiyo wameshaisikia. Alikuhurumia, alisema, kwa kukariri maneno ya mwenzako. Hukunitaja. Sentensi moja tu ingetosha kuniangusha, na hukuitoa. Miezi miwili iliyobaki kwenye mkataba wako tulisalimiana kama majirani wa ghorofa tofauti, lakini kila nilipochelewa kurudi nilikuta umenibakishia chai kwenye chupa. Chai hiyo ilinishinda kumeza. Hatimaye ulikataa kuongeza mkataba, ukarudi Mombasa, na kitanda cha chini kikapata mtu mwingine.

Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Nimelizungusha lile neno langu, "sikukusudia", kichwani muda wote huu. Nia ya kukuumiza sikuwa nayo, hilo nitaliapia. Lakini nilipotamka neno la kwanza nilijua uko nje kwenye kiti, na nilijua huna mfano mwingine ila huo. Kazi niliitaka, na niliona wazi kwamba njia inapita juu yako, nikapita. Nilifanya makusudi, dada. Naona aibu kuliandika, lakini ndiyo kweli.

Wiki iliyopita walikuja wasafishaji wapya watatu, Wakenya wawili na Mganda mmoja. Meneja aliniambia niwafundishe yale maneno matano, tena akanihimiza niwape hadithi ya mama yangu na kofia, kwa kuwa haijamtoka mpaka leo. Yeye mwenyewe akasimama nyuma kusikiliza. Nikasimama mbele ya wasichana wale, nikaanza, nikafika kwenye ile nafasi ya kukaa kimya kabla ya uzi, nikashindwa kuendelea. Kisha nikawaambia kwamba hadithi hii si yangu.

Msichana mmoja wa Nakuru akauliza, "Sasa ni ya nani, madam?"

"Ni ya Rukia," nikasema. "Mama ni wake. Mimi niliichukua ndani ya mahojiano, yeye akiwa nje anangoja, akakosa kazi kwa sababu yangu."

Nilirudia kwa Kiingereza ili meneja asikie. Akaniita ofisini, nikaenda nikijua nitavua koti siku hiyohiyo. Aliniuliza maswali machache, kisha akaniandikia barua ya onyo iliyo ndani ya faili langu hadi sasa. Nikaitia sahihi. Nilipofika mlangoni akaniita tena. Jengo la pili linafunguliwa baada ya miezi michache, akasema, na atahitaji supavaiza. Hawezi kuahidi kazi kwa mtu ambaye hajamhoji sawasawa, lakini anataka kukusikia kwa simu ya video, wewe mwenyewe, kuanzia mwanzo. Alisema pia kwamba anataka kukuomba radhi kwa kukukatiza. Nilitoka pale nikilia, nikakutana na wale watatu wapya wakijifanya wanakunja taulo.

Ijumaa nilimpigia mama yako. Nilikuwa na namba tangu zile siku ulipokuwa ukitumia simu yangu. Nilimweleza yote, naye akasikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nilimsema vibaya mle ndani. Nikasema la, nilimsifu sana. Akacheka. Akasema basi yeye ameshanisamehe, lakini niliyemkosea si yeye, niache kuzunguka nyumba na nibishe mlango. Aliniambia pia kwamba unafundisha watoto wa mtaa Kiingereza jioni, barazani kwenu, na kwamba wanakupenda. Nimefurahi kusikia hivyo kuliko ninavyoweza kueleza.

Namba ya meneja nimeshakutumia. Ukipiga, nitafurahi. Usipopiga, nitaelewa, na hao watoto watakuwa wamebahatika. Ukirudi Doha ukataka tukae tena kama majirani wa ghorofa tofauti, nitakusalimia kila asubuhi, sitadai zaidi. Msamaha nautamani, sitakudanganya, lakini huo ni wako kutoa au kutotoa, na barua hii sikuiandika kwa ajili hiyo. Nimeiandika ili kila aliyesikia hadithi ya kofia ajue yule mama ni wa nani. Ni wako, Rukia. Nimemrudisha.

Salamu nyingi kwake, na kwako.

Mimi mdogo wako wa kitanda cha juu