Alhamisi Niliyokaa Kimya

Mkonze, Dodoma
16 Machi 2025

Mpendwa Mjomba Zablon,

Shikamoo. Vipi huko Bukoba, na goti lako linaendeleaje? Shangazi Dorothea amepona kikohozi? Sisi kiafya hatujambo. Mvua imekatika mapema, lakini uwele wa mama shambani bado umesimama.

Mjomba, nakuandikia kwa sababu nina hofu, na mama sitaki kumwongezea presha.

Unajua niko ofisi ya mifugo. Alhamisi ya tarehe 6 tulipata taarifa kwamba ng'ombe watatu wamekufa ghafla katika kijiji kimoja upande wa Mpwapwa, damu ikiwatoka puani. Nilikwenda kuchukua sampuli. Nilihisi ni kimeta, ugonjwa unaompata hata mtu anayegusa au kula nyama hiyo, ila majibu ya maabara hayakuwa yametoka.

Jioni Athuman, mwandishi wa redio, alinipigia. Nikamjibu kwamba sina la kusema, amtafute msemaji wetu. Msemaji alikuwa safarini na simu yake haipatikani. Saa moja redio ikatangaza kuwa ofisi imekataa kuzungumza. Kijijini wakaona kama kungekuwa na hatari tungesema. Usiku uleule wakagawana nyama.

Ijumaa mchana majibu yakaja: kimeta. Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa siku ya mnada wa mifugo na nyama. Nikamwomba bosi wangu ruhusa ya kutangaza, akasema nisubiri kibali, pengine Jumatatu. Nilikaa na simu mkononi. Nikawaza kazi yangu, nikawaza ada ya shule ya mdogo wangu Gladness. Halafu nikampigia Athuman.

Nilimwambia tulichothibitisha na tusichokijua. Nikamwambia watu wasile wala kuchuna mnyama aliyekufa mwenyewe, na aliyekwisha kula awahi kituo cha afya.

"Wataugua wangapi?" akauliza.

"Hilo sijui, na sitaki kukisia. Nipigie kesho saa nne, nitakuwa nimeongea na daktari."

Nikamwomba anisomee alichoandika. Palikuwa na neno "mlipuko". Nikamweleza kwa nini bado ni mapema kulitumia, akalitoa, na usiku huo redio ikarusha taarifa pamoja na sauti yangu. Kesho yake saa nne kamili nilipokea simu yake, ingawa nilitamani kuizima.

Watu kumi na mmoja walifika kituoni. Kumi wanaendelea vizuri. Mmoja, Mzee Sebastiani, alifariki Jumapili.

Jumatatu mkurugenzi, mkubwa wa bosi wangu, aliniita. Alisikiliza ile sauti ya redio mara mbili, kisha akauliza, "Kuna ulichosema ambacho hukuwa na uhakika nacho?" Nikajibu hakuna. Akaniagiza niandike maelezo kwa nini sikusubiri kibali. Nimeyapeleka, na hadi leo sijajibiwa. Lakini kuanzia siku hiyo simu zote za waandishi zinaletwa kwangu.

Jumatano nilikwenda msibani. Stumai, mjane wa marehemu, alinitambua kwa sauti. Akaniuliza taratibu, "Ile Alhamisi mlikuwa mnajua?"

Nikasema, "Tulikuwa tunashuku, mama. Nilipaswa kusema hivyo hivyo, kwamba tunashuku."

Alininawisha mikono, akaniwekea ugali na mlenda, akakaa karibu yangu mpaka nikamaliza kula. Majibu ya mkurugenzi nayaogopa, ila lile swali la Stumai ndilo linaloniamsha alfajiri.

Nisalimie shangazi, Augustino na mkewe, na umwambie Loisi picha zake zimefika. Mama na Gladness wanakusalimu sana. Mungu akulinde na akupe nguvu ya kutembea. Nami uniombee, Mjomba, nisije tena kunyamaza kwa woga.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
Raheli