Mgeni na Meza ya Mtihani

Mwaija, nimekaa darasani peke yangu na maganda ya ndizi. Acha nikuandikie sasa hivi, basi la Handeni halijaondoka.

Mkaguzi kutoka mkoani amekula mtihani wangu wa kuchora.

Amekula, Mwaija. Ndizi nne na papai. Nilivipanga mezani asubuhi ili wanafunzi wavichore. Akaingia, nikamwamkia, akavuta kiti mpaka mezani. "Asanteni kwa kunikaribisha," akasema, akamenya ndizi ya kwanza.

Wewe ungefanyaje? Katoka Tanga, mwaka wenyewe huu wa njaa. Mkuu wa shule, aliyemleta, akaniangalia, nami nikamwangalia. Mgeni humpokonyi tonge.

Alipofika kwenye papai akaomba kisu. Nikampa cha kuchongea penseli.

Watoto wakawa wananitazama tu. Nikawaambia, "Choreni mnachokiona."

Alipomaliza akafuta mikono, akaniuliza, "Hivi mwalimu, kuchora kunamsaidia nini mkulima?" Akaandika kwenye ripoti yake kwamba kuanzia muhula ujao vipindi vyangu viwe vya shamba. Miaka tisa nafundisha kuchora, Mwaija, na tumbo lake limejaa matunda yangu.

Sasa nasahihisha. Karibu wote wamechora ndizi nzima, kwa kukumbuka. Hamisa, yule binti wa Makuyuni, ndiye kachora alichokiona: maganda, na mkono wa mgeni ukilifuata papai.

Sijawahi kupata picha nzuri kama hii. Nimempa alama zote, kisha nimeikunja, nimeitia humu ndani ya barua.

Itundike kwako. Hapa haina ukuta.

Amne