Tangi la Mbuna na Kiti cha Mama Mkwe

Nkhata Bay,
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Zione,

Na ndiyo, bado ananishika mkono njiani. Uliniuliza hilo simu ikakatika, na tangu siku ile jibu limekaa mdomoni likiniwasha. Ananishika hata tukipita mbele ya wanawake wanaoanika dagaa wa usipa, ambao huacha kazi yao ili watutazame vizuri. Mmoja alimuuliza kama anaogopa nitapotea. Akamjibu kwamba anaogopa atapotea yeye. Dada, ungekuwepo ungenipepea.

Hujambo lakini? Mama naye, goti lake limepungua maumivu? Watoto wameacha kukohoa? Sisi huku wazima, tunakula nsima ya muhogo mpaka nimeanza kuipenda, na mama mkwe wangu, NyaChirwa, anakusalimu sana. Nimekuandikia kwa sababu hapa nyumbani simu yangu ikilia huwekwa spika mezani ili kila mtu asalimie, na haya ninayotaka kukueleza si ya mezani. Barua anakuletea mke wa fundi wa meli. Mpe chai anywe, ameniahidi hataifungua.

Nianze na habari kubwa, yaani samaki. Unajua Tumbikani wangu huzamia majabalini kukamata mbuna, wale samaki wadogo wa rangi ambao banda lao huwauza ng'ambo kwa watu wa kuwaweka sebuleni. (Akitoka majini nywele zimemganda kichwani, mimi nasahau kila kitu nilichotumwa.) Sasa meneja wa hoteli ya mlimani, Bambo Msiska, alitaka tangi la mbuna kwenye ukumbi wake wa kulia. Si samaki mmojammoja wa kupamba, alitaka ukoo mzima wa wale wa buluu wenye milia myeusi, wanaoishi na kuzaana humo. Akamwachia Tumbikani achague tangi na kulipanga, na kwanza alifanyie majaribio hapa nyumbani. Samaki wakitulia na kuzaa kabla wageni wa kiangazi hawajaja, kazi ya kuwatunza ni yake, pamoja na nyumba ya mtunzaji nyuma ya jiko la hoteli. Nyumba, dada. Ni chumba kimoja, lakini mlango wake una kitasa. Chumba chetu hapa kina pazia.

NyaChirwa si mtu mbaya, nataka ulijue hilo kabla hujaendelea kusoma. Huniwekea kipande kinono cha samaki, na kwa akina mama wa kanisa hunitangaza kana kwamba ndiye aliyenizaa. Ila ana kiti chake cha mbao katikati ya sebule, na akikaa hapo anaona jiko, anaona mlango wa bafu, na anaona pazia letu. Nikienda jikoni anauliza kama nina njaa. Nikioga mara ya pili anauliza kama nina homa. Tukicheka nyuma ya pazia anauliza tunacheka nini, naye acheke. Nikikaa kimya anauliza nani ameniudhi. Nilianza kukanyaga sakafu kwa ncha za vidole, na siku moja akaniuliza mbona natembea kama mwizi.

Basi tangi la kwanza alilichagua NyaChirwa. Lilikuwa la kusimama, jembamba, kama kabati la vyombo, kwa sababu liliingia sawasawa kwenye kona inayotazamana na kiti. Katikati tukaweka jiwe moja zuri, na juu ya jiwe mama mkwe akapachika yale maua ya plastiki ya keki ya harusi yetu. Hakuna aliyebisha. Sisi watu wa ziwa tunadhani tunawajua samaki kwa sababu tumewala tangu utotoni. Tumbikani alisema maji ni yaleyale ya ziwa, jiwe ni la palepale, watakosa nini?

Wakakosa, dada. Dume mmoja akalitwaa jiwe lote, na yeyote aliyesogea alikula kichapo. Hakupumzika hata yeye, alikuwa akizunguka jiwe lake na kukonda. Wengine walibanana juu, kwenye kona, mapezi yamechanika. Na kulikuwa na jike mmoja ambaye alinitoa machozi. Unajua jike la mbuna akitaga huchukua mayai yote mdomoni, akakaa nayo humo bila kula mpaka watoto waweze kuogelea. Huyu mdomo wake ulikuwa umejaa, naye alijibana nyuma ya bomba la pampu, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo hakuonekana. Asubuhi moja tukamkuta ameyatema mayai chini. Mama mkwe akatazama kutoka kitini, akasema kwa mzaha, "Mwanaume asiyeweza kutuliza samaki kwenye boksi, nyumba ataiwezea wapi?" Wote tukacheka. Tumbikani hakumaliza chakula chake.

Siku mama mkwe alipokwenda kwenye mkutano wa kanisa, kiti kikiwa kitupu, mume wangu alisimama mbele ya tangi na kusema kwamba nyumba ndiyo hiyo imetuponyoka. Mimi, mwenye maneno mengi unayenijua, nilikuwa nimezoea kunyamaza. Lakini nikajisikia nasema:

"Hawagombanii chakula, wala hawagombanii jiwe. Kila mmoja anaonekana saa zote. Anayefukuzwa hana pa kugeuka akasahauliwa."

Nikamwambia achukue tangi la kulala, refu kwa ubavu na lisilo na kimo, hata likila sebule yote. Mawe yawe mengi, yapangwe kutoka chini mpaka karibu na uso wa maji, yawe na mashimo ya kuingilia huku na kutokea kule, ili samaki akikata kona asionekane tena. Kila dume awe na majike kadhaa, na samaki kwa jumla waongezwe, ili mchokozi asijue amfukuze nani. Na maua yatoke. Akaniuliza nimejifunza wapi hayo yote, mtu ambaye hata kuzamia siwezi. Nikasema nimeangalia tu. Akalitazama tangi, akakitazama kiti, kisha akalitazama pazia letu, muda mrefu. Alinishika mkono.

Mama mkwe alipoliona lile jipya alisema linafanana na jeneza. Tulipanga mawe wenyewe, goti kwa goti, nilifurahi kama bibi harusi kwa mara ya pili. Mawe yalitangulia juu ya kioo na mchanga ukafuata, maana mbuna huchimba, na jiwe lililokalia mchanga likiporomoka hupasua kioo. Samaki wakaingia. Kwa siku mbili za kwanza walikimbizana, baadaye kila mmoja akapata shimo lake. Yule jike wangu alijaza mdomo tena, akapotelea kwenye mawe ya nyuma kabisa. Siku alipotokea alifungua mdomo, wakatoka watoto kama punje za mchele zenye macho. Nililia, na mama mkwe akauliza nalia nini.

Bambo Msiska akaridhika. Tangi likapanda mlimani, na Tumbikani akapewa ufunguo. Tulikwenda kuiona nyumba tukikimbia, nimevaa kile kitenge ulichonipa. Mlango tukaukuta wazi. NyaChirwa alikuwa ametutangulia, wapishi wakamfungulia. Kiti chake kilikuwa kimeshawekwa ndani, kati ya mlango na mahali pa kitanda, naye amekikalia, uso unang'aa kwa furaha ya kweli.

"Hapa nitawaona vizuri zaidi, wanangu," akasema.

Tukamshukuru, dada. Ungesema nini?

Alasiri ile tulikwenda kufuta kioo cha tangi ukumbini. Tumbikani akasema, bila kugeuka, "Kwenu mwanaume huhamia kwa mkewe."

Nikamwambia ndiyo, huitwa mkamwini, na watu humcheka.

"Sana?"

"Mwaka wa kwanza."

"Basi wanicheke. Huku watasema nimelipa mahari, kisha nikajirudisha mwenyewe kama chenji." Akaendelea kufuta. "Falesi, umedhani ni wewe peke yako unayekanyaga kwa ncha za vidole? Mimi nimeanza tangu nizaliwe."

Hilo ndilo nililotaka kukuambia tangu mwanzo wa barua. Tunahama. Mzee wa banda la mbuna huko kwetu Chembe amekubali kumpokea Tumbikani, na hapa mwenzake wa kazi ameshajifunza kulitunza tangi. Kaka yake Tumbikani na mkewe wanarudi kutoka Mzuzu kukaa na mama mkwe, kwa hiyo hatabaki peke yake. Ila bado hajui. Tumbikani atamwambia Jumamosi mbele ya mjomba wake, maana kwao neno kama hili halisemwi bila mjomba. Sijui atalipokeaje. Nampenda, dada, na hilo linanibana kuliko lile pazia. Jana alinisuka nywele, akaniambia Mungu alimnyima binti ili amwekee mimi. Nilikaa pale kati ya magoti yake, mdomo umejaa kama wa yule jike.

Nisalimie watoto, na umpe mama pole ya goti. Muulize, kama jambo la kupita tu, iwapo kile kiwanja chetu cha nyuma ya majabali bado hakijajengwa. Si kile cha mbele. Nataka kile ambacho mtu akikaa barazani kwa mama hakioni. Mengine usimwambie. Mwambie tu mimi na mume wangu tutakuja kumsalimia kabla mwezi huu haujaisha. Mizigo ataiona mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Falesi